Kioo Kimejaa

Mume wangu hawezi kupita karibu na sufuria inayochemka bila kuifunua. Haijalishi ni ya nani. Tumealikwa kwa watu, tumekaa sebuleni na heshima zetu, akisikia kitu kinatokota ananyanyuka, anaomba njia, anaingia jikoni kwa wenyewe, anafunua, anachungulia, anafunika, anarudi kuketi. "Maji yapo," ananinong'oneza, kana kwamba nimemuuliza. Aibu hiyo nimeibeba miaka arobaini. Nilikuwa nawaambia watu kwamba ni mlafi, maana mlafi anaeleweka, watu wanacheka na mambo yanaisha.

Alikuwa dereva wa treni, enzi za mvuke, makaa yakitupwa motoni kwa koleo. Kazini walimwita Dakika, na mpaka leo mtaani ni Mzee Dakika, kwa sababu hakuchelewa hata siku moja na hakumvumilia mtu aliyechelewa. Siku ya harusi yetu alifika mapema hata akatukuta tunafagia uwanja. Mdogo wangu wa kiume, niliyeachiana naye ziwa, ndiye aliyemleta nyumbani. Walikuwa injini moja: mume wangu akiendesha, mdogo wangu akitia makaa na kulisha boila maji. Walianza kuitana shem kwa utani kabla hata mimi sijamwona huyo bwana, mpaka utani ukazaa ndoa.

Mdogo wangu alikufa akiwa na miaka ishirini na sita, ndani ya kibanda cha injini, stesheni ya pili kutoka mjini. Maji yalipungua kwenye boila, bati la juu ya moto likapasuka, na mvuke wote ukatokea mlango wa makaa, pale pale aliposimama. Mume wangu alikuwa ameshuka kuzungumza na mshika bendera. Mshika bendera aliungua mikono yote miwili akijaribu kumvuta mdogo wangu nje. Mume wangu hakupata hata mchubuko. Wakubwa wa reli waliketi siku tatu, wakamhoji, akajibu kwamba maji ni kazi ya mtia makaa. Basi wakaandika: uzembe wa mtia makaa. Viti vya msiba vilikuwa havijarudishwa kwa wenyewe neno hilo lilipotufikia.

Mama yangu alilibeba neno hilo mpaka akaingia nalo kaburini. Kila mwezi alikuwa akienda kwa mshika bendera na kapu la unga, anakaa chini, anamwambia, "Baba, nisamehe kwa ajili ya mwanangu." Yule bwana anajibu, "Mama, yameisha." Mwezi ukigeuka, huyo anakwenda tena. Magoti yalipoanza kumsumbua, mume wangu ndiye aliyekuwa akimbebea kapu.

Mdogo wangu aliacha binti wa miaka miwili. Wifi yangu akaolewa kwingine, mtoto nikamlea mimi, akawa ananiita Shangazi na mume wangu Anko. Alipenda vyuma tangu utotoni, akinyang'anyana spana na Anko wake. Alipofika miaka kumi na minane akaenda karakana ya reli kuomba kazi ya kujifunza ufundi. Karani akasoma jina la baba yake kwenye fomu, akacheka. "Baba alisahau maji," akasema, "wewe utasahau nini?" Mtoto akarudi nyumbani, akatoa picha ya baba yake ukutani, akaitia mvunguni mwa kabati. Tangu siku hiyo hakumtaja tena wala hakukanyaga makaburini. Mume wangu alikuwa mezani anakula. Aliweka kijiko chini, akatoka nje, na mimi nikadhani ni hasira ya kumwonea uchungu mtoto.

Haya. Sasa niwaambie habari za mke mwenzangu.

Mdogo wangu, mwaka aliokufa, alikuwa ameokota injini ndogo kwenye lundo la vyuma chakavu nyuma ya chuo cha reli. Zamani walimu waliitumia kuwafundishia wanafunzi. Msidhani ni mdoli. Ni injini ya mvuke kamili, ina boila lake la shaba, moto wake, pistoni zake, ila urefu wake ni kama benchi la watu wawili na magurudumu yake ni kama visahani. Unakaa kwenye kibehewa nyuma yake, miguu huku na huku, inakuvuta. Mdogo wangu aliomba apewe, akaifungua kipande kipande, akaanza kuifufua. Hakufika mbali. Ikakaa kwenye kreti chini ya kitanda cha mama yangu miaka yote hiyo. Mama alipokuwa anatutoka aliniita, akasema, "Lile kreti mpe mumeo aimalizie. Alimpenda sana mwanangu."

Mume wangu alikuwa ameshastaafu. Nilipomfikishia maneno ya marehemu aliinamisha kichwa kama mtu aliyesomewa hukumu. Kisha akalipeleka kreti kwenye banda nyuma ya jiko, na sikumwona tena kwa miaka sita. Anaamka, chai, bandani. Anakula, bandani. Analoweka vyuma kwenye mafuta ya taa, anakwangua kutu, anasugua kwa tupa mpaka vumbi la shaba linaingia kwenye nyusi. Nguo zake zikawa hazitakati. Ndipo nikaiita mke mwenzangu, maana hata wake wenza wana zamu, lakini yule hakunipa hata siku moja.

Utani huo uliniisha mdomoni siku aliyoniita nikaone kitu. Chini ya kutu, kila kipande kilikuwa na maandishi yaliyokwaruzwa kwa ncha ya msumari. Mwandiko wa mdogo wangu, naujua, herufi zake zote zililalia upande kama zimechoka. "Kushoto." "Hii kwanza." "Usikaze mno." Alikuwa amejiwekea alama ili asisahau mpangilio. Nyuma ya bati moja alikuwa ameandika: "Shem akiharakisha, mwambie asubiri." Mimi nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Mume wangu alikuwa amesimama amenipa mgongo, na mabega yake yalikuwa hayatikisiki kabisa.

Baada ya hapo nikaanza kumsikia anaongea. Jiko na banda vinatenganishwa na ukuta wa mbao, na mbao hazina siri. Mchana kweupe, napepeta mchele, nasikia, "Shem, hii inakaa wapi?" Kimya. "Aa, kumbe. Sawa." Kilichonitisha si maneno, wazee tunaongea peke yetu, hilo si geni. Kilichonitisha ni ule ukimya. Ulikuwa na urefu wa jibu. Siku moja alicheka, kile kicheko cha mtu aliyetaniwa.

Nikaenda kugonga. "Unaongea na nani?"

"Na fundi."

"Fundi gani?"

"Aliyeianza," akasema, na akaendelea kusugua.

Nilimpeleka binti yetu akamsikilize mwenyewe. Wakati huo alikuwa ana karakana yake ya kuchomelea mageti, fundi anayeheshimiwa mtaa mzima, mikono imejaa alama za cheche. Akasikiliza, akasema, "Shangazi, mwache. Ana upweke." Akaingia bandani, akaanza kumsaidia. Yeye ndiye aliyelehemu mirija mipya ya boila, kazi ya mkono mtulivu, na hakuna tone lililovuja. Lakini alimwambia wazi: "Nafanya kwa ajili yako, Anko. Si kwa ajili yake." Hata maandishi hakutaka kuyasoma. Alikuwa akigeuza kila kipande upande wa pili.

Wiki hiyo hiyo nilisikia sauti ya mume wangu ukutani, ya chini, ya kubembeleza. "Niache, shem. Nitasema. Ikishatembea nitasema."

Nikachungulia mlangoni. "Utasema nini?"

Alishtuka hata bisibisi ikamtoka. "Nitasema iko tayari."

Nami, mjinga wa kuzaliwa, nikaridhika. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu nilikuwa nakifua na kukipiga pasi.

Siku ya kuiwasha ilikuwa Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Walikuwa wametandika reli zao nyembamba kuanzia bandani, kupita tangi la maji, kuzunguka nyumba mpaka getini na kurudi. Tulikuwa watatu tu. Mume wangu alikuwa amevaa shati safi, kiberiti kikamshinda mara mbili, binti akakipokea, akawasha yeye. Makaa yakashika. Moshi, kisha ile harufu ya makaa, mafuta ya moto na chuma chenye maji. Jamani, harufu ile! Ndiyo iliyokuwa ikiingia mlangoni kabla ya mdogo wangu kila jioni. Niligeuka kumtazama, nawaapia, niligeuka kabisa kutazama mlangoni.

Presha ikapanda. Akaifungulia kidogo, ikahema, ikasogea. Binti alikuwa ameketi kwenye kibehewa, mkono kwenye pampu ya kusukumia maji kwenye boila, na mume wangu anatembea kando yake ameinama. Wakazunguka mara moja. Wakazunguka mara ya pili, na binti akaanza kutabasamu. Mara ya tatu, walipofika kwenye tangi, mkono wake ukachoka. Akaangalia ule mrija mdogo wa kioo unaoonyesha maji yamefika wapi ndani.

"Anko," akasema, "kioo kimejaa. Niache kupampu?"

Mume wangu alisimama. Akanyoosha mkono, akafungua kibomba kidogo chini ya kioo. Halikutoka hata tone la maji. Ulitoka mvuke mtupu, unapiga mluzi mwembamba.

"Shuka!" akapiga kelele. "Shuka! Rudi nyuma! Wote rudi nyuma!" Sijawahi kumsikia na sauti ile. Alimsukuma binti akaangukia kwenye mchanga, akapiga magoti, akavuta pini ya chini kwa vidole vitupu, na moto wote ukamwagika katikati ya reli. Nikasikia ngozi yake inavyoungua. Hakuachia mpaka kaa la mwisho lilipoanguka. Kisha ikawa kimya, na kile chuma kikabaki kinapoa, kinalia tik, tik.

Kumbe uchafu ulikuwa umenasa kwenye pampu, na muda wote ule binti alikuwa anasukuma hewa. "Lakini kioo kilikuwa kimejaa," akasema akijikung'uta. "Nimekiona, cheupe mpaka juu."

Mume wangu alikuwa amekaa chini. Mikono iliyoungua ameiweka mapajani, viganja juu. "Maji yakiwa nusu, unaona mstari," akasema taratibu, kama anamfundisha mwanafunzi. "Kikijaa mpaka juu, mstari haupo. Kikiwa kitupu, mstari haupo. Kioo kilichojaa na kioo kitupu sura yao ni moja. Ukitaka kujua, unafungua kibomba. Ni kufumba na kufumbua tu. Kila dereva anajua." Akatazama viganja vyake. "Tulikuwa tumechelewa dakika nne."

Nikamuuliza dakika nne za nini.

"Nilitazama kioo mimi. Nikamwambia kimejaa, funga maji. Ni mimi niliyesema."

Nilivua kandambili nikampiga nayo. Begani, mgongoni, popote. Mzee wa miaka sabini na mitatu, mikono imechubuka, na hakujikinga. "Mama yangu!" nilikuwa napiga kelele. "Ulimbebea kapu mama yangu! Ulikuwa unamsikiliza anaomba radhi, umekaa pembeni yake, unakunywa maji ya watu!" Akawa anaitikia ndiyo. Kila nilichosema, ndiyo. Ni binti aliyenishika mkono.

Akachuchumaa mbele ya Anko wake. Sauti yake ilikuwa kavu. "Baba alijibu nini?"

"Mwanangu..."

"Ulimwambia afunge maji. Alijibu nini?"

Aliyatazama makaa yaliyomwagika. "Alisema, 'Shem, tufungue kibomba kwanza tuhakikishe.' Nikamwambia, 'Unanifundisha kazi? Funga.' Akacheka. Akasema, 'Haya, bwana mkubwa,' akafunga. Mimi nikashuka kumgombeza mshika bendera."

Binti alibaki amechuchumaa. Nilingoja amtukane. Nilitamani amtukane, maana mimi nilikuwa nimeishiwa. Akasema polepole, "Kwa hiyo hakusahau."

"Hakusahau."

"Alikumbuka kuliko wewe."

"Ndiyo."

"Miaka ishirini na minne namchukia," akasema. "Nimemchukia mtu aliyekuwa sahihi." Akainuka, akakusanya vifaa vyake kimoja kimoja, akafuta kila kimoja kwa kitambaa kama ilivyo desturi yake, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake mume wangu alikwenda kwa mshika bendera na bandeji zake mikononi. Sikumsindikiza. Yule bwana bado yu hai, macho hayaoni vizuri ila akili ni timamu. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Basi yule mama alikuwa ananiomba radhi ya nini?" Bila kungoja jibu akamwambia atoke. Aliporudi alikaa mezani akaandika barua kwa wakubwa wa reli. Aliieleza siku ile yote, dakika nne, kioo, kibomba, na jina la mdogo wangu akaliandika mara tatu, kwa ukamilifu. Nami nikaisoma, nikatia sahihi kama shahidi, nikaipeleka posta mwenyewe nisije nikadanganywa. Wakubwa wenyewe wa siku zile walishakufa. Haijajibiwa, na sijali kama itajibiwa.

Mtaniuliza kama bado naishi naye. Naishi naye. Bandani haendi, injini imefunikwa turubai, na huko ukutani siku hizi hakuna sauti yoyote, hata ya kwake. Ukimya wa sasa ni mzito kuliko ule wa zamani, kwa sababu hauna mtu ndani. Chakula namwekea. Neno "karibu" simwambii. Siku moja huenda nikaweza, siku hiyo haijafika, na asiniharakishe.

Wiki tatu binti hakuonekana. Ya nne akaja asubuhi, amevaa gauni, yeye ambaye nguo yake ni ovaroli. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, akapiga magoti, akaitoa ile picha mvunguni, akaifuta vumbi kwa kiganja. Mume wangu alikuwa mlangoni. "Mwanangu, nije na mimi?" akauliza. Binti akamtazama. "Siku nyingine, Anko. Leo ni zamu yangu."

Ilibidi nimwonyeshe kaburi, maana hakulijua. Tulipita majani yaliyotufika magotini, tukayang'oa kwa mikono mpaka jiwe likaonekana. Kisha akasimama pale na pochi yake kifuani, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, anayeinua mageti ya chuma peke yake, na hajui aweke wapi miguu.

"Shangazi, nitamwambia nini? Sijui naanzaje."

"Anza kama mtu yeyote anavyoanza na baba yake."

Akachuchumaa. Akaramba midomo. "Shikamoo, baba," akasema.

Halafu akangoja. Nilimwona kwa macho yangu anangoja, shingo ameinamisha upande, kama mtoto aliyesalimia mlangoni na hajaitikiwa, hathubutu kuingia na hathubutu kuondoka. Nami nikangoja naye, mzee mzima, nimetega sikio kwenye udongo. Muda ukapita. Nikakumbuka kwamba shangazi naye ni baba, baba wa kike, ndivyo tulivyolelewa. Nikapiga magoti kando yake, nikaweka mkono juu ya kichwa chake.

"Marahaba, mwanangu," nikamwitikia.